Hao Watu Unaowaogopa ni Nani?

*Bi Somo, assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Wete. Binti yetu mkubwa anaolewa mfungo pili. Baba yake anataka nikaha msikitini, halua na kahawa, basi. Mimi nimeshaweka ukumbi Chake Chake, sare nimeshatoa, na mahari ya milioni 2 imeingia huko huko. Nataka kukopa milioni 5 kwa mshahara wangu, nikatwe laki 3 na 60 elfu kwa mwezi, miezi 18. Mume hataki kutia saini, anasema riba haiingii nyumbani kwake. Dada yangu aliozesha Unguja mwaka jana, harusi inazungumzwa mpaka leo. Sisi tukiozesha kimya kimya watu watasema mtoto ana mimba. Nimfanyeje huyu mume?*

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Kuozesha mwana wa kwanza ni kazi, Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi. Pole yangu inaishia hapo, kwani mumeo yuko sawa, na barua yako mwenyewe ndiyo inayomtetea.

Nimeisoma mara mbili nikiwatafuta hao "watu". Sikuwaona. Nimemuona dada yako tu. Jirani hujamtaja, wakwe hujawataja, na bibi harusi mwenyewe, anataka nini, humo hamna hata neno moja. Kwa hiyo hukopi kwa ajili ya binti. Unakopa umjibu dada yako.

Kisha kuna mahari. Umelipita neno hilo mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mahari si ya mama, si ya baba, wala si ya ukumbi. An-Nisaa aya ya 4 inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na wengine wale kitu humo pale tu mwenyewe anapotoa kwa radhi ya nafsi yake. Ulimuuliza au ulimwambia? Mtoto aliyelelewa vizuri hamkatalii mama yake usoni. Mwanamwali akinyamaza anapoulizwa kuhusu posa, kimya chake ni ridhaa. Kwenye mali yake, kimya si ridhaa. Hiyo milioni 2 ni deni lako kwa mwanao, na ndilo la kwanza kulilipa, kabla hujafikiria mapambo. Liandike mbele ya mashahidi wawili, kama Al-Baqara aya ya 282 inavyotufundisha kuandika madeni, na umpe yeye karatasi aiweke.

Sasa huo mkopo. Laki 3 na 60 elfu mara 18 ni milioni 6, laki 4 na 80 elfu. Yaani milioni moja na laki 4 na 80 zinakwenda bure, kwa shughuli inayoanza baada ya isha na kumalizika usiku wa manane. Miezi 18, binti ameshajifungua, wewe bado unakatwa. Na hilo ndilo dogo. Aya ya 279 ya Al-Baqara inawatangazia vita wasioacha riba, vita kutoka kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mumeo amekikataa hicho, wewe unaniuliza umfanyeje! Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Na siku mmoja wenu atakapowekwa jenezani, atasimama mtu kabla ya sala aulize: nani anamdai marehemu? Waliocheza ukumbini watakuwepo hapo, na hakuna atakayenyoosha mkono kukulipia.

Aya inayotufunza kumwogopa Mungu kuliko watu, Al-Ahzab ya 37, ilishuka juu ya jambo la ndoa. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliambiwa kuwa unawachelea watu, na Mwenyezi Mungu ndiye anayestahiki zaidi kuogopwa. Basi sisi tutajidai hatuna maradhi hayo?

Hilo la mimba halina mguu wa kusimamia. Ndoa ya siri ni ile isiyotangazwa. Nikaha msikitini baada ya laasiri, safu zimejaa, walii kakaa na bwana harusi mkono kwa mkono, mashahidi wawili, mahari inatajwa kwa sauti: kuna tangazo gani kubwa kuliko hilo? Halua kilo 6 zinatosha watu 100, kila mmoja na kipande chake na kikombe cha kahawa kutoka kwenye dele.

Na ujue walima wa sunna ni wa bwana harusi. Karamu ya upande wa mke ni ada tu, hakuna dhambi ukiipunguza. Ukitaka kulisha, lisha nyumbani. Wageni 120 ni mchele kilo 15, nyama kilo 12, na mbuzi mmoja mzuri huifikisha. Vitunguu kilo 4, mbatata kilo 5, mafuta lita 3, thomu, tangawizi na bizari. Karafuu utazikuta kwenye mikeka ya jirani. Usipike sufuria moja kubwa, chini utapata uji na juu mchele mbichi. Gawa mawili, kila moja kilo saba na nusu, maji yakikaribia kukauka funika upalie makaa juu. Na waite maskini wa mtaa, kwani Mtume ameita chakula kibaya kuliko vyote kile cha walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa masikini.

Siku hizi harusi ina sare tatu, mpiga picha mwanamme katikati ya wanawake waliovua mabuibui, na vijana wa watu wanafika miaka 35 hawajaoa kwa kuogopa gharama. Kisha tunauliza zinaa imetoka wapi. Sisi wazazi ndio tuliowafungia mlango wa halali.

Kesho asubuhi mpigie mwenye ukumbi, dai arbuni yako, hata akikurejeshea nusu. Itakayorudi iende kwenye mahari. Wenye sare watazivaa siku ya hina, hapo hapo uwani. Usiku, watoto wakishalala, mwambie mumeo kuwa mkopo umeuacha, kisha mtajie habari ya mahari, usimfiche. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki.

Dada yako mpigie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa mwengine. Mwambie nikaha ni Alhamisi laasiri, na aje tangu Jumatano, vitunguu vinamngoja.