Dawa ya tezi dume kwa mwanamke mwenye jiwe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34. Kipimo cha CT kimeonyesha jiwe la milimita 7 upande wa kulia, chini kabisa ya mrija unaotoka kwenye figo, karibu na kibofu. Nimepewa tamsulosini za siku 28 na diklofenaki ya maumivu. Karatasi iliyomo kwenye boksi inasema tamsulosini ni dawa ya tezi dume. Mimi ni mwanamke! Wamekosea?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hawajakosea. Tamsulosini hulegeza misuli laini, na misuli hiyo imo kwenye tezi dume na imo pia kwenye ukuta wa mrija wa figo, kwa wanaume na wanawake. Vipokezi inavyovilenga, yaani sehemu za misuli ambazo dawa hujishikiza, viitwavyo alfa-1, vimejaa zaidi sehemu ya chini ya mrija, hapo hapo jiwe lako lilipokwama. Mrija ukilegea, mkojo uliojaa nyuma ya jiwe hupata nafasi ya kulisukuma. Dawa haiyeyushi jiwe. Karatasi haitaji mawe kwa sababu dawa haikusajiliwa kwa kazi hiyo. Madaktari huitumia kwa kufuata tafiti.

Na tafiti zimepingana. Ule wa Uingereza wa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, haukuona tofauti kati ya tamsulosini na kidonge kisicho na dawa. Ila mawe mengi humo yalikuwa madogo, na jiwe lisilozidi milimita 5 kwa kawaida hutoka lenyewe. Utafiti wa China, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, uliona faida kwa mawe ya chini yanayozidi milimita 5. Mwenye milimita 3 ningemwambia aokoe hela yake. Wewe, kwa milimita 7 na mahali lilipo, inafaa kujaribu.

Meza miligramu 0.4 mara moja kwa siku, nusu saa baada ya mlo ule ule kila siku. Wengi huona rahisi kuimeza baada ya chakula cha jioni. Usitafune wala kufungua kapsuli: imetengenezwa itoe dawa polepole, na ikitoka yote kwa mpigo presha hushuka, ukaanguka. Siku za mwanzo inuka kitandani taratibu. Kama unatumia dawa za presha, au huenda una mimba, mwambie daktari kabla ya kumeza chochote. Diklofenaki nayo haifai kwa mjamzito wala mwenye vidonda vya tumbo.

Maji kunywa kawaida. Kujaza lita kadhaa wakati maumivu yamepamba moto hakusukumi jiwe, huongeza maumivu tu. Bia nayo ni hivyo hivyo. Kojoa kwenye chombo, pitisha mkojo kwenye chujio la chai utakalolitenga kwa kazi hiyo, na ukilipata jiwe lipeleke maabara lijulikane ni la aina gani.

Kinachowaponza wengi ni maumivu kuisha. Jiwe linaweza kubaki limeziba kimya kimya huku figo ikiharibika. Kama hujaliona likitoka, rudia kipimo ndani ya wiki nne. Likiwa bado lipo, daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo na kulivunja kwa leza.

Ukipata homa na kutetemeka, usianze dawa ya malaria nyumbani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo: huenda mkojo uliozibwa umeingia maambukizi, na hapo antibayotiki peke yake haitoshi, lazima mkojo utolewe kwa mpira. Nenda pia ukikosa mkojo, au ukitapika kila unachomeza.

SWALI: Natumia dawa hiyo hiyo kwa ajili ya jiwe. Sasa nikifika kileleni shahawa hazitoki. Nimeharibika?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Ni athari ya dawa, na hali hurudi kama zamani ukishaiacha. Kama mnatafuta mtoto mwezi huu, zungumza na daktari wako. Na ukipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, hata miezi baadaye, mtaje daktari wa macho tamsulosini: hulegeza sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, na yeye anahitaji kujiandaa mapema.