Asia, Asiya au Asya? Shemeji asema jina la bibi ni la uasi

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimejifungua mtoto wa kike, na mume wangu ametaka awe somo wa marehemu mama yake, aliyetangulia mbele ya haki miezi michache kabla. Mama mkwe wangu akiitwa Asia. Siku ya saba tulichinja akika, mtoto akanyolewa, akaitwa jina hilo. Pale pale kwenye akika shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye amesoma dini, akasema mbele za watu kuwa Asia maana yake ni mwasi na Mtume alilibadilisha. Kama tunang'ang'ania, basi tuandike "Aasiyah", kwa sababu Siku ya Kiyama mtu ataitwa kwa jina lake, na jina lililokosewa herufi si jina. Akaongeza kuwa mama yao ameishi na jina baya mpaka amekufa, na kuwa akika irudiwe. Tangu siku hiyo mume wangu hasemi na nduguye. Cheti cha kuzaliwa bado hatujakifuata, na mimi naona watu wameandika Asia, Asiya, Asya, Aasia. Tuandike lipi? Mzazi, Tanga.

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hongera kwa uzazi, binti yangu. Allah amkuze mtoto katika twaa, na amrehemu bibi yake.

Nakupa jibu kwanza, maana mzazi hafai kuwekwa roho juu. Jina ni zuri, akika yenu imetimia, na katika tahajia zote ulizonitajia hakuna hata moja yenye dhambi. Yanayofuata mengi yanamhusu shemeji yako kuliko wewe, naye ukiona vyema mpe asome mwenyewe.

Hadithi aliyoitaja ipo, na ni sahihi. Ameipokea Imam Muslim katika mkusanyo wake wa hadithi kutoka kwa Ibn Umar kwamba Umar alikuwa na binti aliyekuwa akiitwa kwa jina lenye maana ya mwasi, Mtume (s.a.w.) akamwita Jamila. Ila jina lile kwa Kiarabu lina herufi ain mwanzoni na herufi swad katikati, mzizi ule ule uliotupa sisi neno kuasi. Wazee wetu wa pwani wakiliandika kwa herufi za Kizungu huliandika kwa sw, Aaswiya, kama waandikavyo swala na swadaka. Jina la mama mkwe wako ni jingine kabisa: آسية, alif yenye madda (alama ya kuvuta sauti), kisha herufi sini. Ni jina la mke wa Firauni, Asiya binti Muzahim, na asili yake ni kutibu na kuliwaza. Majina haya mawili hayakutani popote katika Kiarabu. Yanakutana kwenye herufi za Kirumi tu, kwa kuwa hizo hazina ain wala swad, na ulimi wetu nao umezoea kulainisha vyote viwili.

Sasa tazama ajabu. Kijana anatutaka turudi kwenye Kiarabu, na kosa lenyewe limetokana na kutokitazama Kiarabu. Amekuta tafsiri imeandikwa "Asiya", akamkumbuka mama yake, akatoa fatwa. Angefungua matini yenyewe angeiona ain kabla hajafika katikati ya neno. Mtu akisoma hadithi ya jina moja akaitwisha jina jingine kwa sababu yamefanana kwenye simu yake, hajafikia daraja ya kusimama kwenye akika ya watu akahukumu.

Tena Mtume huyo huyo aliyelibadilisha lile la uasi ndiye aliyelitamka hili la Asiya kwa sifa. Katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari, waliyoipokea Bukhari na Muslim, amesema wanaume waliokamilika ni wengi, na katika wanawake hawakukamilika ila Asiya mke wa Firauni na Maryam binti Imran. Qur'ani haikumtaja kwa jina, lakini imemfanya mfano kwa walioamini, wanaume na wanawake, na ikatuhifadhia dua yake katika Surat At-Tahrim aya ya 11: Mola wangu, nijengee nyumba kwako Peponi, na uniokoe na Firauni na vitendo vyake. Huyu ndiye aliyesema kuhusu Musa mchanga, "msimuue". Kama lipo jina la kumpa mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye msiba, mimi sijui linaloshinda hili.

Tuje kwenye "Aasiyah". Hoja yake ni kwamba jina likiandikwa pungufu limeharibika. Mwambie afungue msahafu, Surat Al-Baqara aya ya 124, alitazame jina la Nabii Ibrahim. Katika maandiko ya Uthmani, yaani mwandiko wa msahafu uliorithiwa tangu enzi za Khalifa Uthman, herufi yaa haipo ndani ya mwili wa neno. Hiyo ndogo anayoiona imeongezwa baadaye imsaidie msomaji. Kisha afungue Aal Imran aya ya 33, ataikuta yaa imekaa kamili. Al-Baqara yote, mahali 15, jina limeandikwa bila yaa, na kwingineko limeandikwa nayo. Msahafu mmoja, Nabii mmoja, tahajia mbili. Na katika kisomo cha Ibn Amir, mmoja wa maimamu wa visomo vya Qur'ani, kwa riwaya ya Hisham, mahali 33 jina hilo husomwa Ibraham. Jibril naye tunamsoma Jibril, na katika maimamu hao wa visomo Ibn Kathir anamsoma Jabril, Hamza na al-Kisai wanamsoma Jabrail. Zote ni Qur'ani, na swala inasihi kwa kila kimoja. Ibrahim lenyewe si jina la asili ya Kiarabu. Waarabu walilipokea wakalitamka kwa ulimi wao, na wahyi ukateremka kwa ulimi huo. Leo Mtanga akilipokea jina akalitamka kwa ulimi wake, ameharibu dini?

Hiyo h ya mwisho anayoipigania ni ile herufi ya Kiarabu iitwayo taa ya duara, ambayo Mwarabu mwenyewe akiunganisha maneno huisoma t. Ndiyo maana Waislamu wa Afrika Magharibi wana kina Fatoumata na Aissatou. Wao waliishika t. Waturuki wanasema Fatma na Hatice, Wasomali wana Faadumo, sisi tuna kina Fatuma, Hadija na Asha. Hakuna aliyesema umma huu wote umepotea majina. Na bingwa mkubwa wa nahau ya Kiarabu, ambaye wanafunzi wanamkariri mpaka leo, alijulikana kwa jina la Kiajemi, Sibawayhi.

Bado kubwa zaidi. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwambia mkewe, "Ewe Aish, huyu Jibril anakusalimia." Hakusema Aisha, alilikata mwisho kwa mapenzi. Jina la Mama wa Waumini limefupishwa na Mtume mwenyewe, Jibril yupo, wala hapana aliyesema si jina.

Kuhusu kuitwa Siku ya Kiyama, hadithi anayoikusudia imo kwa Abu Dawud: mtaitwa kwa majina yenu na majina ya baba zenu, basi pendezesheni majina yenu. Abu Dawud mwenyewe, baada ya kuileta, amebainisha kuwa mpokezi wake hakukutana na Abu Dardaa, sahaba anayemnukuu, yaani mlolongo umekatika. Na hata tukiichukua, inatuhimiza jina zuri, na Asiya ni zuri. Siku hiyo Allah anamjua mja wake kabla hajaitwa. Hakuna atakayepotea kwenye mkusanyiko kwa kuwa karani wa wilaya alisahau a ya pili.

Yapo mahali ningesimama naye. Watu wanamfupisha Abdulrahman wakabaki na "Rahmani", wakamvua mja utumwa wake na kumwachia sifa ya Mola. Hapo akaze, nami nitamuunga mkono. Na lau mtoto angeitwa kwa ile ya ain na swad, ningewaambia mbadilishe leo.

Lililonikera sikulikuta kwenye tahajia. Nimelikuta pale aliposema mama yao ameishi na jina baya. Allah amesema katika Surat Al-Hujurat aya ya 11 msiitane kwa majina ya kejeli. Huyu kamtia mama yake jina la kejeli, maiti, mbele ya wageni waliokuja kula akika ya mjukuu wake. Mtume amesema msiwatukane wafu, kwani wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Hata alipobadilisha majina ya walio hai, alimpa mtu jina bora usoni pake, akimheshimu. Hazn (maana yake ugumu), babu yake Said bin al-Musayyab, alipendekezewa Sahl (maana yake wepesi) akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake anasema ugumu haukuwatoka baada ya hapo, lakini Mtume hakumlazimisha wala hakumtangaza.

Hata hivyo, binti yangu, usimwone shemeji yako kuwa adui. Na yeye amefiwa na mama. Kijana akishasoma kidogo, kisha mzazi akamtoka, hupatwa na hofu kwa ajili yake kaburini, akawa anatafuta kosa la kumsahihishia. Huenda alichokitoa kwa ukali kilikuwa hofu hiyo. Mume wako naye ana haki ya kuumia, ila si halali kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Hilo limo katika Bukhari na Muslim, na siku tatu zimeshapita. Wewe usiwe mjumbe wao. Una kidonda na usingizi wa kukopa, na neno likipotea kati yao watasema ni la mke. Mtafuteni mkubwa wa upande wa mama yao, mjomba au mama mdogo, awakalishe hao wawili bila nyinyi wake kuwapo.

Sasa cheti. Wakivutana wazazi juu ya jina, mwanachuoni Ibn al-Qayyim amesema haki ni ya baba. Hapa hamkuvutana, basi afuatwe. Mimi nikiulizwa rai yangu naipenda Asiya. Yaa inasikika, wala mtoto hatachanganywa na bara kwenye somo la jiografia, na mgeni wa Kiingereza hatamsoma "Eisha". Lakini kama kitambulisho cha bibi kiliandikwa Asia, na moyo wa mume wako uko kwenye herufi zile zile za mama yake, andikeni Asia na mtulie. Asya ni sawa pia, Visiwani mtakuta wengi. Aasiyah haina kosa la dini, ila kila karani ataipunguza mahali pake, na hapo ndipo penye shida yenyewe.

Niliwahi kukaa katika kikao cha mirathi, binti wa marehemu ana karatasi tatu: cheti cha kuzaliwa Asia, cha shule Asya, cha ndoa Asiya. Kaka zake hawakumkana, wamelala naye mkeka mmoja. Benki ndiyo haikumjua. Viapo kwa wakili, nenda rudi, nauli, na fungu lake limekaa huku wenzake wameshakula yao. Kwa hiyo amueni sasa, kabla ya siku 90 za usajili kupita. Liandike jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, pamoja na la baba na la babu kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, mkabidhi karani karatasi hiyo badala ya kumtamkia, na usiondoke dirishani mpaka uisome hati herufi kwa herufi. Kisha tahajia hiyo hiyo iende kliniki, shuleni na kwenye pasi. Kwa Kiarabu mwekeeni kumbukumbu nyumbani, na ningependa shemeji yako ndiye aandike, kwa madda na sini.

Akika hairudiwi. Jina si sharti la kusihi kwake, na mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, ameshachinjwa na kuliwa. Kama shemeji anayo pesa ya mbuzi wa pili, aitoe sadaka kwa niaba ya mama yake. Thawabu yake inamfikia.

Wallahu aalam.