Mdogo wangu anasema haamini tena, nimjibu nini?

SWALI: Kamwene mwandishi. Mi niko Makambako, mdogo wangu anasoma chuo Mbeya, krismasi alivyorudi akatamka mbele ya wote kwamba haamini tena, eti kanisani ukiuliza unaambiwa amini tu, na dini yenyewe waliileta wazungu. Baba ni mzee wa kanisa, alinyanyuka akaacha chakula, mpaka leo hapokei simu yake. Nampenda mdogo wangu ila sina cha kumjibu. Dada mtu, Makambako.

JIBU: Kamwene dada. Barua yako imeniuma, hasa hapo mzee alipoacha chakula.

La wazungu ndo jepesi. Wamisheni wa Moravian walifika Rungwe 1891, hilo ni kweli, lakini Tertullian aliandika kutetea Wakristo mwaka 197 akiwa Carthage, Tunisia ya leo, na Origen, naye mwandishi Mkristo wa zamani, ni mtu wa Alexandria, Misri. Afrika hiihii, karibu miaka 1,700 kabla ya Rungwe.

La "amini tu" ndo zito, na dogo hajalianzisha yeye. Kulikuwa na mwanafalsafa anaitwa Celsus, kwenye mwaka 178 hivi aliandika kitabu kuwapinga Wakristo, akalalamika hivyohivyo kwamba wapo wanaosema usichunguze, we amini tu. Origen akaja kumjibu miaka kama 70 baadaye, vitabu 8, na namna alivyojibu ndo mi nakupa uifuate: anachukua maneno ya Celsus mwenyewe, kipande kwa kipande, anayaandika kwanza halafu ndo anajibu. Kitabu cha Celsus kilishapotea zamani, leo tukitaka kujua alisema nini tunaenda kusoma kwa Origen, yaani aliyetetea imani ndo aliyemtunzia mpinzani wake maneno! Na wala hakukataa kwamba wengi wanaamini bila kuchunguza, alisema watu wanabanwa na shida za maisha na kazi, wachache ndo wanapata nafasi ya kukaa na kusoma. Sasa dogo yuko chuo, nafasi anayo, mwacheni achunguze.

Kuna na Justin, mzaliwa wa Nablus ya leo, kule Palestina, huyu alizunguka kwa walimu wa falsafa mmoja baada ya mwingine kabla hajaamini. Miaka ya 150 akamwandikia kaisari Antoninus Pius, maana Wakristo walikuwa wanaitwa wakanamungu kwa kukataa miungu ya Roma, akakubali kabisa kwamba kwa miungu hiyo ndiyo, hatuiamini, ila akaomba mtu asihukumiwe kwa jina tu, yaangaliwe matendo yake. Aliuawa Roma karibu 165. Kwahiyo hilo jina la mkanamungu mnalotaka kumpa mdogo wako, waliitwa kwanza watu wa imani ya baba yako.

Sikuahidi atarudi kanisani, kwakweli hoja peke yake hairudishi mtu. Mpigie leo, usimhubirie, muulize lilianza lini na swali gani lilimshinda, andika anavyosema yeye na sio unavyoogopa wewe, halafu mrudie na hayohayo maneno mpaka akubali kwamba umemwelewa. Baba akiuliza mnaongea nini, mwambie afungue 1 Petro 3:15, anaijua hiyo, pale tunapoambiwa tuwe tayari kumjibu anayeuliza, ila asiishie katikati, asome mpaka pale kwenye upole.