Mto ulipita shambani: setilaiti itaona hasara yangu?

SWALI: Nina ekari moja ya mahindi kando ya Mto Nyamwamba, hapa Kasese. Mafuriko ya Mei 2020 yaliniachia mawe na mchanga. Upande mmoja nimeshalima tena, upande wa pili hakimei kitu. Kijana mmoja mwenye tableti anasema setilaiti inaweza kuonyesha hasara yangu. Ni kweli, au anatafuta pesa tu?
Mama mkulima, Kasese, Uganda

JIBU: Pole sana, mama. Ni kweli, ila picha zenyewe ni za bure. Ukimlipa, umlipe kwa kazi ya kuzisoma.

Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha za nukta nukta, kila nukta ikifunika mita 10 kwa 10 za ardhi, kwa hiyo ekari yako ni nukta 40 hivi. Hazitoshi kuhesabu mabua, lakini mpaka wa mchanga utauona. Jani bichi hula mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Mchanga hurudisha yote miwili karibu sawa.

Taabu ni mawingu ya milima ya Rwenzori. Rada ya setilaiti nyingine, Sentinel-1, huyapenya, lakini maji ya mlimani hushuka na kupita kwa saa chache, nayo huenda ikafika yamekwisha. Ndiyo maana mimi hulinganisha kiangazi na kiangazi. Niliwahi kupuuza hilo nikaandika kwamba shamba la watu limeharibika. Nilipofika nikakuta mabua makavu yamelazwa. Mwenyewe alikuwa amevuna tu. Tangu siku hiyo sipeleki ramani kokote kabla sijakanyaga shamba.

Huo upande usiomea ndio unaonitia wasiwasi. Huenda mchanga ni mnene mno, haushiki maji. Au mto umekuletea mabaki ya mgodi wa Kilembe, yenye shaba na kobalti. Setilaiti itakuonyesha upara unaobaki msimu baada ya msimu huku majirani wakiwa kijani. Sababu yake haitakwambia. Chimba kwa jembe hadi kina cha goti, mahali patatu. Ukikuta udongo mweusi chini ya shubiri moja ya mchanga, changanya na samadi, patarudi. Ukikuta mchanga mpaka chini, usipoteze mbegu. Vyovyote iwavyo, mpe bwana shamba udongo wa hapo ukapimwe shaba, na usipande mboga kabla ya majibu.

Kijana naye mwombe picha mbili za Februari, ya 2020 na ya 2021, kisha mtembee pamoja mpaka upara unapoanzia.