Usilale Cyrodiil kabla ya kuhesabu: jibu kwa anayekimbilia leveli 20

Usilale. Kama mhusika wako wa gemu ya Oblivion yuko hotelini Imperial City, mji mkuu wa nchi ya Cyrodiil, na ile alama ya kupanda leveli imeshatokea, mtoe chumbani, asiguse kitanda mpaka umalize kusoma hapa, maana kulala ndiko kunakompandisha leveli.

Umeandika kuwa umeweka Oblivion, ile ya mwaka 2006, kwenye laptopu ya zamani ya ndugu yako mkubwa, na mpango wako ni kurukaruka na kupika dawa mpaka leveli 20, ndipo uende Kvatch, mji uliovamiwa na mazimwi kupitia lango la moto, ukiwa na nguvu za kutosha, kisha uusogeze ugumu juu ili gemu isikuishie hamu mapema. Ukauliza na mod zipi za kuweka, yaani nyongeza za wachezaji zinazobadilisha gemu, na kama RAM ya mashine itatosha, ukataja na video inayosema ukiona alama, lala mara moja. Mdogo wangu, mpango huo naujua kona zake zote. Niliupokea hivyo hivyo hapa Bukavu, kutoka kwa mtu aliyeusema kwa uhakika kabisa, na ulinimalizia mhusika niliyempenda kuliko wote.

Unataka kuicheza Oblivion kwa akili ya gemu zilizoitangulia. Kwenye Baldur's Gate ya 1998 au Gothic ya 2001, adui kwa kawaida amepangiwa mahali pake na nguvu zake. Ukiingia msituni Gothic mapema, mnyama aitwaye shadowbeast anakurarua, unakimbia, unarudi baadaye ukiwa umekomaa na unamlipa deni lake. Pale leveli ni akiba kweli, kila unayoongeza inakuweka juu ya wale wale waliokuwa wanakutesa. Hata Morrowind ya 2002, ya kampuni hiyo hiyo ya Bethesda iliyotengeneza Oblivion, kwa sehemu kubwa ilikuwa hivyo. Oblivion ikageuza mambo. Jambazi wa pangoni, goblini, mazimwi ya kule langoni, karibu wote wanatengenezwa kwa kutazama namba yako. Ukiwa leveli 2 unakuta scamp, vijitu vya kurusha moto ambavyo upanga wa chuma unavimaliza. Ukikaribia 20, mahali pale pale panakutolea daedroth mwenye kichwa cha mamba. Na mkuu wa magoblini anaendelea kuongezewa damu, yaani uhai, kadiri unavyopanda, haachi.

Sasa tazama hiyo namba inapandaje, maana mtego uko hapo. Kuna stadi 21. Unachagua 7 ziwe kuu, 14 zinabaki ndogo. Zile 7 zikiongezeka mara 10 kwa jumla, leveli iko tayari na inasubiri kitanda tu. Gemu haiulizi zile 10 zimetoka wapi. Pointi ya upanga na pointi ya kuruka ukuta kwake ni sawa. Lakini adui haongezewi kuruka wala ulimi mtamu. Anaongezewa damu, deraya (vazi la vita) na silaha.

Mimi niliambiwa niweke stadi kuu zile nitakazotumia kila saa, ili nipande bila kuhangaika. Basi nikaweka Athletics (kukimbia), Acrobatics (kuruka), Speechcraft (ulimi mtamu), Mercantile (biashara), Alchemy (kupika dawa), Sneak (kunyata), na upanga ukawa wa mwisho. Leveli zikamiminika. Nikikimbia, inapanda. Nikiruka ngazi za mji wa Chorrol, inapanda. Nikichuma mahindi na letusi kwenye mashamba ya watu na kuvipika dawa, inapanda kuliko vyote. Kila kitanda nilikilalia kwa furaha. Binamu zangu walikaa nyuma ya kiti wakishangilia kila namba mpya. Kumbe mhusika yule alikuwa mfanyabiashara mwenye mbio, na dunia nzima ilikuwa inamwandalia vita ya jenerali.

Dalili ya kwanza ilikuwa barabarani. Jambazi akatoka vichakani akanisimamisha, akadai sarafu 100 au roho yangu. Amevaa deraya la kioo, kijani kinachong'aa juani, kuanzia kofia mpaka viatu. Binamu yangu mdogo ndiye aliyeuliza kwa nini mtu mwenye mavazi ya bei ile anasumbuka na sarafu 100, angeuza kofia tu akapumzike na wajukuu. Tulicheka sana. Kisha jambazi akapiga, na damu ya mhusika ikashuka karibu nusu.

Kvatch ndiyo iliyoua kila kitu. Umeme ulikuwa umerudi usiku, kama kawaida ya kartie yetu, sebule imejaa. Nikaingia langoni. Daedroth wa kwanza nikampiga upanga mpaka kidole kikaanza kuuma, nikitazama ule mstari mwekundu wa damu yake unavyopungua polepole, kama mtu anayelamba chumvi. Silaha za gemu ile zinachakaa kila unapopiga, na zikichakaa pigo linapungua. Kwa hiyo unapigana na adui mwenye damu nyingi kwa upanga unaozidi kuwa butu. Nyundo za kutengenezea zikaisha kabla sijafika juu ya mnara. Dawa zangu zote zilikuwa za kurudisha pumzi, maana mahindi na letusi ndicho yanachotoa. Pumzi ya kukimbilia nilikuwa nayo tele, ila hakuna pa kukimbilia, kumbi za kule ni nyembamba. Na huku kwetu umeme ukikatika haupigi hodi, kwa hiyo mtu unasevu haraka haraka juu ya sevu ile ile. Yangu ilikuwa moja, na ilikuwa humo ndani ya lango.

Najua utasema, si ungeshusha ugumu? Nilishusha, ndivyo nilivyolifunga lango. Kisha Savlian Matius, kapteni wa Kvatch, na walinzi wake wakaingia nami uwanjani mbele ya kanisa, na wale watu, waliokuwa wamesimama kwenye kizuizi wakilinda mji wao, wakaanguka mmoja baada ya mwingine mbele ya mazimwi yaliyoletwa na namba yangu. Ningefika mapema, wangekabiliana na wadogo. Ndicho kilichoniuma kuliko kufa kwangu. Hadithi inakwambia umekuja kuwaokoa, na leveli yako ndiyo iliyoleta wauaji.

Ule mstari wa kupimia ugumu nao si dawa, na wewe unataka kuupandisha! Haugusi akili ya adui wala idadi yake. Unachofanya ni kuzidisha na kugawa mapigo. Ukiufikisha mwisho wa juu, wanakupiga mara 6 na pigo lako linabaki sehemu ya 6. Ukiushusha, jambazi wa deraya la kioo anadondoka kama kuku na hakuna tena cha kucheza. Kwa mhusika aliyejengwa vibaya hakuna katikati. Niliusogeza huku na huku mpaka nikamwacha mhusika pale pale kanisani. Uache katikati, uusahau.

Aliyenipa mpango ule alikuwa kijana mmoja wa kujaza gemu kwenye fleshi za watu. "Panda kwanza, vita itajileta." Nilipomrudia, akanijibu kuwa laptopu yangu ndiyo dhaifu. Laptopu! Kama vile kasi ya mashine ndiyo inayomvalisha jambazi kioo. Nikaja kugundua kuwa gemu yenyewe hakuwahi kuivusha kwenye mapango ya mwanzo, alikuwa anarudia maneno aliyoyasikia kwa mteja mwingine. Mtu wa namna hiyo anakuharibia wikendi na wikendi, kisha anakuuzia gemu nyingine. Na wa leo ni wabaya zaidi, kwa sababu wanasikika mbali. Ile video unayoitaja, inayosema "ukiona alama, lala mara moja", naamini ni ya toleo jipya la 2025. Kule walibadilisha mambo: kila leveli unapewa pointi 12 za kugawa, na hata stadi ndogo zinachangia kupanda. Ushauri ule kule unafaa. Kwenye ya 2006 ni sumu, na aliyeiweka video hakujali kuandika mwaka. Kabla hujamfuata mtu yeyote, muulize anazungumzia toleo lipi.

Sasa kanuni yangu, na nitairudia mpaka uchoke: usilale kabla ya kuhesabu.

Unapolala na kupanda, unachagua sifa 3 kati ya 8 za kuongeza. Kiasi cha nyongeza kinatokana na stadi zilizo chini ya sifa hiyo zilizokua tangu leveli iliyopita, ziwe kuu au ndogo. Hazikukua kabisa, unapata 1. Zilikua mara 5, unapata 3. Zikifika mara 10, unapata 5, na hapo ndipo mwisho. Sifa ya kuitanguliza kuliko zote ni Endurance. Stadi zake ni 3: Armorer, Block na Heavy Armor, yaani kutengeneza silaha, kukinga kwa ngao na kuvaa deraya zito. Kwa nini hiyo? Kwa sababu kila leveli inakuongezea damu sehemu ya 10 ya Endurance uliyo nayo siku ile. Ukiwa na 40 unaongezewa 4. Ukiwa na 100 unaongezewa 10. Na leveli zilizopita hazihesabiwi upya, ulichokosa leveli ya 3 hutakipata leveli ya 15 hata ufanye nini. Mimi Endurance yangu haikuwahi kupata zaidi ya 1 kwa leveli. Ndiyo maana jambazi mmoja alinikata nusu.

Kwa hiyo chukua daftari, daftari la kawaida la shule. Andika Armorer, Block, Heavy Armor, na chora kijiti kila moja inapopanda. Vijiti 10 vikitimia, na stadi kuu zimefika 10, nenda kalale. Havijatimia, tafuta panya au kaa wa matopeni, mwache apige ngao yako wewe ukiwa umeiinua tu. Block inapanda bila hatari kubwa. Ukiwa na pesa, mwalimu anakufundisha mara 5 kwa kila leveli, na zenyewe zinaingia kwenye hesabu.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Usijaze stadi kuu zile usizoweza kuziacha. Kukimbia huwezi kuacha, kuruka huwezi kuacha. Zikiwa kuu, zinakusukuma kwenye kitanda hata usipotaka, na ukichelewa sana kulala, hesabu ya nyongeza inayozidi 10 inapotea. Stadi kuu ziwe zile unazoweza kuamua leo natumia, leo naweka chini. Nenda na uchawi wa aina mbili tatu, silaha moja, Alchemy kama unaipenda kweli, lakini upike kwa mpango. Zile 3 za Endurance unaweza kuziacha ndogo, uzikuze kwa raha yako bila kusukuma leveli. Ukishafikisha Endurance 100, lala utakavyo, sitakusumbua tena.

Kvatch nenda sasa hivi. Peleka hirizi uliyopewa na mfalme mwanzoni kwa mtawa Jauffre, kisha moja kwa moja langoni ukiwa leveli 2 au 3, ukute scamp. Leveli 2 ina faida nyingine. Hadithi kuu itakudai kifaa kimoja cha Daedra, yaani miungu ya gemu hii, na madhabahu ya Azura, mmoja wao, inakupokea kuanzia leveli hiyo hiyo, kwa hiyo huna sababu ya kukimbilia juu. Kitu kimoja tu kinachofaa kusubiriwa ni zawadi kama upanga wa Chillrend, kwa sababu nguvu yake inapimwa siku unapoupokea na haikui tena. Hizo ziache mpaka uwe juu. Hadithi kuu usiiache.

RAM usihofu, gemu hii ilitoka ikidai MB 512 tu. Mod, kama utaweka moja, ni ile ya Oscuro, Oscuro's Oblivion Overhaul, inayorudisha maadui mahali pao bila kutazama sana namba yako, kama gemu za zamani. Lakini ukiiweka, mpango mzima unabadilika, kuna mapango yatakayokumaliza siku ya kwanza. Icheze kwanza ile ya asili kwa daftari.

Kama bado hujatoka kwenye mifereji ya mwanzo, bahati yako. Pale mlangoni gemu inakuuliza kama unataka kubadilisha chochote, kabila, sura, stadi zote 7. Sevu hapo, kwenye sevu ya peke yake usiyoifuta hata umeme ukatike mara ngapi. Kama ulishatoka na Acrobatics iko kwenye zile kuu, anza upya, leveli chache hazina thamani ya kuteseka nazo. Kisha weka hapa stadi 7 ulizochagua kabla hujafungua ule mlango, nizione.