Jibu: Rangi ya bluu Chrome ikijaza fomu yenyewe

Mkuu, umeuliza kwa nini visanduku vya fomu vinageuka bluu kivinjari cha Chrome kinapovijaza chenyewe. `background-color` (rangi ya nyuma) yako inagoma hata ukiweka `!important` (neno la kulazimisha mtindo) kwa sababu Chrome nayo imeweka `!important` kwenye mtindo wake wa ndani, na kwa kanuni za CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa) ile ya kivinjari ndiyo inashinda. Usibishane nayo, ifunike rangi hiyo kwa kivuli cha ndani (`box-shadow` yenye `inset`):

```
input:-webkit-autofill {
  -webkit-text-fill-color: #222;
  box-shadow: 0 0 0 1000px #fff inset;
}
```

Mstari wa `-webkit-text-fill-color` ni wa rangi ya maandishi, maana `color` nayo haisikii.

Ila kama nyuma ya fomu umeweka picha, kivuli kitaiziba. Hapo tumia `transition: background-color 9999s` (rangi ibadilike polepole kwa sekunde 9999), ule ubluu utajivuta hadi mteja aondoke bila kuuona. Ujanja ujanja tu, lakini unafanya kazi. Halafu usisahau `:focus` (mtindo wa kisanduku kinapobofywa), kama nayo umeipa `box-shadow` zitagombana.