Ninyi mnaopeleka michoro ya nyongeza halmashauri

Juzi nimepita kwenye meza ya vijana wetu wapya nikakuta wanafunga jalada la jengo la nyongeza kwa kampuni moja ya Mikocheni. Mchoro mtamu, miti ya kijani, watu wadogo wadogo wamebeba kompyuta. Nikauliza nani amefika saiti. Kimya. "Mteja ametutumia ramani yote, kaka." Jamani! Haya, someni.

1. Kapimeni wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, nivumilieni.

Enzi zile hakuna Tausi, mfumo wa mtandaoni wa kuombea vibali halmashauri. Tulibeba makaratasi mikononi hadi masijala. Mteja wangu alikuwa na eneo kubwa lenye majengo matatu, akataka la nne lishikane na la kwanza. Akanipa michoro ya zamani yenye muhuri wa halmashauri. Muhuri ule ulinilevya. Nikachora juu yake, nikahesabu maegesho, nikaelekeza maji ya mvua kwenye mfereji uliooneshwa nyuma ya ukuta. Saiti nilikwenda, sikatai: nilikunywa chai na meneja utawala, nikapiga picha za mbele, nikaondoka. Kupima nilijua. Niliona tu haya kuvuta futi na kuchuchumaa mbele ya watu wa suti.

Siku ya ukaguzi wakaja wataalamu pamoja na madiwani wa kamati ya mipango miji. Nikatangulia na mchoro wangu kama mshereheshaji. Afisa afya akauliza karo la majitaka liko wapi. Nikaonesha kwenye karatasi, akainua macho: pale palikuwa na kantini. Kantini hiyo haikuwemo kwenye mchoro wowote wala haikuwahi kuombewa kibali, na mfuniko wa chemba tuliukuta jikoni, chini ya meza ya kukatia mboga. Tukazunguka nyuma. Nusu ya maegesho yangu ilikuwa chini ya jenereta na makontena. Ndipo Mheshimiwa Diwani, mama ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu tuanze, akaomba kuuona mfereji. Ulishafukiwa zamani ili malori yapate njia.

"Sasa mwanangu, maji ya paa hili jipya yataenda wapi?"

Nikamjibu kwamba ardhi itayanywa. Akanivuta hadi ukutani, akanionesha nyumba ya jirani: alama ya maji ya masika iko usawa wa madirisha. Sikuwa na la kuongeza.

Ombi likarudishwa, na kantini ikapewa notisi. Yaani mtu kanilipa nimtafutie kibali, nimempelekea X nyekundu ya bomoabomoa ukutani. Alinipigia simu usiku ule; maneno yake hayaandikiki. Bosi wangu yeye hakufoka. Alinikabidhi futi ya mita 50, akaniambia nianzie getini.

2. Mikocheni kuna mto Mlalakuwa, hata kama wakati wa kiangazi unauruka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Pimeni hilo kabla mteja hajaupenda mchoro, maana akishaupenda mtagombana.

3. Hati isomeni hadi masharti ya nyuma. Makampuni hununua kiwanja cha jirani, wakabomoa ukuta, wakasahau kwamba bado ni viwanja viwili. Jengo likikaa juu ya bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, unganisheni viwanja kwanza.

4. Kuongeza ghorofa juu ya jengo la zamani: bila mhandisi aliyesajiliwa kuzikagua nguzo na msingi uliopo, msichore hata ngazi. Jengo la Kariakoo liliporomoka Novemba 16, 2024, likaua watu, na wengi wetu tulikuwa tukipita mtaa ule kila wiki. Mhandisi wa halmashauri akiwahoji sana, msimwite mnoko.

5. Hoja za maofisa hazitawafuata kwa simu. Ingieni kwenye akaunti yenu ya Tausi kila asubuhi.

6. Mbele ya kamati semeni Kiswahili cha watu. Kijana wetu mmoja alieleza robo saa nzima jinsi jengo "linavyozungumza na mandhari". Diwani mmoja akamuuliza kama limeshazungumza na Zimamoto. Lilikuwa halijazungumza. Gari la Zimamoto lisingeweza hata kukata kona ya pale getini, na hilo lingeonekana na yeyote aliyewahi kusimama pale akaona dereva wa lori la maji anavyorudi nyuma, anakwenda mbele, anarudi tena, huku mlinzi anampigia kelele. Mlinzi mwenyewe mchangamkieni. Yeye ndiye anayejua karo liko wapi, mfereji ulifukiwa lini, na nani alitoa amri.